"Run" si kukimbia tu

Katika miaka yangu ya kufasiri Kiingereza kwa Kiswahili, neno linalonisimamisha mara nyingi kuliko yote ni fupi kabisa: "run". Kila aliyepita darasani anajua kwamba ni kukimbia, na kwa sababu anajua, hafungui kamusi.

Angefungua angeshtuka. Katika toleo la pili la Oxford English Dictionary, la mwaka 1989, bingwa wa maana nyingi alikuwa "set", mwenye maana zipatazo 430. Katika kazi ya toleo la tatu, kitenzi "run" kikampita kwa maana 645. Mhariri wake, Peter Gilliver, alikaa na neno hilo moja takriban miezi tisa.

Hakuna awezaye kukariri maana 645, wala haina haja. Mimi huanza kwa kuuliza: ni nini hapa kinachokwenda bila kukatika? Mto hu-"run", basi hu-"run" kila saa, rangi ya nguo hu-"run" ikichujuka, soksi nyembamba hu-"run" ikifumuka. Kijerumani, ndugu wa Kiingereza, kina "rinnen", yaani kutiririka. Maji yamo ndani ya neno hili tangu zamani sana, sawa na miguu.

Chukua sentensi hii: "Her nose was running and she had run out of tissues." Nimewahi kuona tafsiri iliyoanza "Pua yake ilikuwa inakimbia". Kwa Kiswahili tunasema: "Alikuwa akitokwa na kamasi, na tishu zilikuwa zimemwishia." "Run" mbili zimezaa vitenzi viwili tofauti, na pua yenyewe imeondoka.

Ninachokipenda zaidi ni hiki. Kiswahili kikitaka kusema umekifanya kitu kiende, huongeza kiambishi: enda, endesha. Kiingereza hakiongezi chochote. Mashine hu-"run", na fundi hu-"run" mashine. Kwa hiyo "run" ikifuatwa papo hapo na kinachotendwa, jaribu kwanza "endesha": kampuni, hospitali, mashine, programu ya kompyuta. Mara nyingi itakaa. Lakini "run a risk" ni kujiweka hatarini, "run a temperature" ni kuwa na homa, na gazeti likisemwa lime-"run" habari, limeichapisha.

Kwenye uchaguzi, Mmarekani hu-"run", Mwingereza husimama, maana yeye hutumia "stand". Sisi tunagombea, na ndani ya neno letu umo ugomvi.

Anayeona Kiingereza kimezidi amfikirie mgeni anayejifunza "piga": simu, pasi, picha, mswaki, magoti. Naye atatafuta fimbo asiione.

Mara chache miguu hurudi. "A run on the bank" ni pale wateja wanapoogopa kwamba benki itafilisika, wote wakaenda kwa pamoja kutoa fedha zao. Hapo naandika "watu kuikimbilia benki", na ile "-li-" ndani ya kitenzi inabeba kazi ambayo Kiingereza kimeiachia "on".