Chatu wa damu akishakomaa huwa mkubwa kiasi gani?

Ukimtajia mtu wa Malindi chatu, fikira humpeleka kwa yule wa kwetu, anayeweza kufika mita 4 au 5 na kummeza mbuzi. Chatu wa damu ni mwingine. Asili yake ni Sumatra, rasi ya Malaya na kusini mwa Thailand, kwenye vinamasi na, siku hizi, mashamba ya michikichi yaliyojaa panya. Wataalamu humwita Python brongersmai. Hana sumu; damu ni rangi yake tu, na si wote walio wekundu.

Dume aliyekomaa huwa na mita 1.2 hadi 1.5. Jike humzidi, mita 1.5 hadi 1.8 hivi, na anayevuka mita 2 ni nadra. Mtu akisikia hivyo humdharau, kwa kuwa nyoka tumezoea kumpima kwa urefu. Hebu nenda sokoni mashua zikirudi, umtazame nguru na chewa wa urefu mmoja: nguru utamning'iniza kwa mkono mmoja, chewa utamwita mwenzio mshikane. Chatu wa damu ndiye chewa. Jike mkubwa huweza kupita kilo 10, na uzito wote huo umejaa kiwiliwili, maana mkia wake ni mfupi mno. Hakimbizi windo, hujizika topeni au chini ya majani, akangoja lipite. Kwa maisha hayo wembamba ungemfaa nini?

Sasa, namba kubwa zinazotajwa na wafugaji zipokee kwa tahadhari. Wengine hupima gamba alilojivua, na gamba hunyumbuka likivuliwa, kwa hiyo huwa refu kuliko mwenyewe. Hata mizani hudanganya: nyoka huyu anaweza kukaa wiki nyingi bila kwenda haja, na mzigo huo wote husomeka kama uzito wake.

Anapoanguliwa huwa na sentimita 30 na kitu. Hukua upesi miaka ya mwanzo, na kwenye mwaka wa tatu au wa nne huhesabiwa mzima. Baada ya hapo haachi kukua, ila huenda polepole sana. Kinachoongezeka haraka kwa mzima ni mafuta, kwa sababu hula kila anachopewa na hatembei. Ngozi ikifanya mikunjo minene karibu na mkia anapojipinda, huyo hajakua, amenenepeshwa, na mimi lawama nampa anayemlisha.

Kwa makazi, watu wengi humtengea mzima sanduku la futi 4 kwa 2. Upana ndio wa kuangalia kwanza, ili aweze kujigeuza. Hapa Kenya lakini, kabla ya sanduku kuna kibali: chatu wote wako chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, CITES, na kufuga mnyamapori nyumbani bila idhini ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, ni kosa la jinai.