Unga wa soya mbichi hautibu kansa ya utumbo

Juzi hapa Langoni barazani nimesikia tena ile habari, ati unga wa soya mbichi ukinywa kila asubuhi na maji ya vuguvugu uvimbe wa kansa ya utumbo mpana unayeyuka, na mzee mmoja ameshaacha kwenda kliniki kwa ajili hiyo, jamani moyo uliniuma.

Habari haikuzuka hivi hivi. Kwenye soya kuna protini ndogo inaitwa kizuizi cha Bowman-Birk, kazi yake kuzuia tripsini na kaimotripsini, vile vimeng'enya vinavyokata protini tumboni. Watafiti wa Marekani, akiwemo Ann Kennedy, waliwapa panya kemikali ya dimethilihaidrazini inayoleta kansa ya utumbo, na wale waliolishwa kizuizi wakapata uvimbe kidogo kuliko wenzao. Sawa, ni kweli. Lakini angalieni hapo, walikuwa wanazuia uvimbe usiote, si kuyeyusha uliokwisha kuota, na ile ilikuwa dondoo iliyotayarishwa maabara, si kijiko cha unga, tena ni panya si mtu.

Na ubichi wenyewe una shida, vizuizi vikizidi chakula hakisagiki vizuri, panya wakilishwa soya mbichi hata kongosho linakua kupita kiasi. Soya iliyopikwa ikaiva kuleni, chakula kizuri hicho. Ila ukiona damu chooni, au choo kimebadilika wiki kadhaa, nenda ukapimwe utumbo kwa kamera, vijinyama vinavyoota humo vikiwahiwa hukatwa kabla havijawa kansa.