Wanafunzi wa Asch hawakuwa bendera fuata upepo

Jaribio la mwanasaikolojia Solomon Asch, Marekani, miaka ya 1950, husimuliwa kama ushahidi kwamba mwanafunzi akizungukwa na wenzake atameza lolote. Sivyo. Vijana wa chuo waliulizwa mstari upi kati ya mitatu unalingana na mwingine. Wenzao, waliokwisha pangwa na mtafiti wakosee makusudi, wakataja kwa sauti jibu lisilo sahihi. Majibu yaliyofuata kundi yalikuwa kama theluthi moja tu, na robo ya vijana hawakuyumba hata mara moja (hili hupitiwa harakaharaka). Akiwepo mmoja wa kusema kweli, kufuata mkumbo kulishuka sana. Ndiyo maana darasani, tamko la serikali likipokewa kwa "ndiyo mwalimu", anayeuliza "takwimu hizi zimetoka wapi?" huenda akawafungulia wengine mdomo.