Makengeza ya mtoto: "akikua yataisha" na maswali mengine

Makengeza ni nini?
Jicho moja linatazama mbele, lingine limekimbilia puani au pembeni. Basi.

Si akikua yataisha yenyewe?
Hapana. Kichanga macho yakiyumbayumba miezi 3 ya mwanzo sawa, ila akifika miezi 4 na jicho bado linakimbia, mlete. Naletewa watoto wa miaka 9, namziba lile jicho zuri namwambia nisomee herufi ile kubwa ya juu kabisa, mtoto anavuta mkono wangu autoe maana haoni, na mama ndo anajua siku hiyo. Ubongo ukiletewa picha mbili unaitupa moja, na jicho lililotupwa halijifunzi kuona. Umri mzuri wa kulifundisha ni hadi miaka 7 au 8 hivi, baadaye inakuwa kazi kwelikweli.

Lakini ni ya ukoo, hata babu yake anayo.
Kweli yanatembea kwenye ukoo, sasa si ndo sababu ya kumleta mapema?

Akitibiwa, baadaye inakuwaje?
Wakiwahi, wengi jicho lao linaona vizuri. Wengine miwani tu inalinyoosha, akiivua linarudi ndani, msiseme miwani imemharibu. Wengine tunawaziba kwa plasta saa 2 mpaka 6 kwa siku, miezi kadhaa, na jamani inazibwa jicho ZURI ili lile zembe lifanye kazi, kuna wazazi wanaziba lile bovu eti lipumzike. Uwezo wa kutumia macho yote mawili pamoja kujua kitu kiko mbali kiasi gani, wapo wanaoupata, wapo wasioupata kabisa.

Operesheni ndo inamaliza?
Inanyoosha, haifundishi kuona. Jicho halitolewi, tunasogeza misuli ya nje tu. Wengine watarudia mara ya pili, na kuna anayekuja kukimbiwa tena na jicho ukubwani, kwa hiyo kliniki msiache hata kama sura imependeza.

Nisubiri kwanza aanze shule?
Hapana, hapana.

Wangu ana miaka 12, nimechelewa?
Kwenye kuona umechelewa, siwezi kukudanganya, ila kidogo kinaweza kupatikana. Kunyoosha tunanyoosha hata watu wazima. Mlete na mdogo wake pia nimwone.