Kompyuta haitengenezi hewa: mambo ninayoambiwa kila siku kuhusu rimapu ya magari madogo

Wiki hii nimeambiwa maneno yaleyale mara tatu: "Fundi, gari ni zima ila halina nguvu, nifanyie rimapu tu." Rimapu ni kuandika upya programu ya kompyuta inayoongoza injini. Mara zote tatu lilikuwa gari dogo la mjini, lita moja, silinda tatu, halina turbo, ile pampu inayosukumia injini hewa zaidi. Na mwenye gari alikuwa ameshaaminishwa na mtu kwamba kiwanda kimeficha nguvu ndani ya kompyuta na kazi ya fundi ni kuzifungulia. Nimelieleza jambo hili kwa mdomo hadi koo limekauka. Leo naliandika, na nitaanza na hilo hilo kwa sababu ndilo linalowagharimu watu zaidi.

"Kila injini ina nguvu zilizofichwa, rimapu inazifungulia"

Injini isiyo na turbo inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, na pumzi hiyo ina kipimo. Chukua injini ya sentimita za ujazo 999. Kila krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, inapozunguka mara mbili, silinda zote zinajaa mara moja. Kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, hiyo ni lita 1,500 za hewa kwa dakika, tena tukikubali kwamba zinajaa pomoni. Lita 1,500 za hewa zina uzito wa kilo 1.8 hivi. Petroli inataka gramu 14.7 za hewa ili gramu moja iungue sawasawa, kwa hiyo hapo unachoma gramu 120 na ushei za petroli kwa dakika, basi. Theluthi mbili hivi za nishati yake zinapotelea kwenye ekzosi, rejeta na misuguano. Kinachofika kwenye krenki ni kilowati 29, yaani karibu nguvu za farasi 40.

Sasa fungua kitabu cha Volkswagen Up ya lita moja isiyo na turbo. Torki yake ya juu, yaani nguvu ya kuzungusha krenki, ni nyutoni-mita 95, na inaanzia kwenye mizunguko hiyo hiyo 3,000. Zidisha 95 kwa 3,000, gawanya kwa 9,549 (namba ya kugeuza torki na mizunguko kuwa kilowati), unapata kilowati 29.8. Hesabu ya hewa na hesabu ya kiwanda zinakutana mlango mmoja. Hizo nguvu zilizofichwa zimekaa wapi?

Mwandika programu ana vitu vichache vya kugusa: muda wa cheche, mchanganyiko wa mafuta, kufunguka kwa throto (mlango wa hewa wa injini), kikomo cha mizunguko, na kwa baadhi ya injini muda wa valvu. Cheche tayari imesogezwa na kiwanda hadi karibu na pale injini inapoanza kugonga, yaani mchanganyiko kulipuka ovyo ndani ya silinda. Mafuta ukiyazidisha bila hewa ya kuyachoma, unapata moshi na plagi nyeusi. Kazi nzuri kabisa kwenye injini ya namna hii huongeza asilimia 5 hivi. Kwa gari la farasi 68, hizo ni farasi tatu au nne. Ukipanda kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,000, hewa inakuwa nyepesi na injini hiyo hiyo inapoteza karibu asilimia 10. Yaani kilima kimoja kinakunyang'anya mara mbili ya ulichonunua.

Kuna injini ambazo kweli zimezuiwa kwa makusudi, na hapa ndipo uvumi ulipopata mizizi. Hiyo Up, pamoja na ndugu zake Škoda Citigo na SEAT Mii, iliuzwa ikiwa na farasi 60 au 75, kwa injini ile ile ya 999. Watu wanaona tofauti ya farasi 15 na kudhani gari la 75 lina robo ya nguvu zaidi popote liendapo. Soma vizuri: torki ni 95 kwa yote mawili. La kwanza linafikia farasi 60 kwenye mizunguko 5,000, la pili linafikia 75 kwenye 6,200. Tofauti yote iko juu kabisa, pale ambapo la 60 limeshabanwa na la 75 linaendelea kupumua. Mteja wa 60 anayetaka 75 namwambia wazi kwamba inawezekana, na kwamba ataiona anapoingia barabara kuu na kuvuta gia ya pili hadi mwisho. Halafu namuuliza: mjini, kati ya taa na taa, mshale wako wa mizunguko umewahi kuvuka 5,000? Wengi wananyamaza kidogo, kisha wanasema hawajawahi hata kuutazama.

Swali linalofuata huwa ni "Mbona mwenzangu kafanya na gari linachomoka?" Linachomoka kwa sababu aliyemfanyia kabadilisha pedeli. Katika magari ya sasa hakuna waya kutoka mguuni hadi kwenye throto. Mguu unapeleka ombi, kompyuta inaamua ifungue kiasi gani. Ukiandika kwamba pedeli ikikanyagwa robo throto ifunguke nusu, gari litaruka ukiligusa tu. Vile viboksi vinavyochomekwa kwenye pedeli vinafanya hivyo hivyo na hakuna zaidi. Kanyaga mafuta hadi sakafuni, kabla na baada, upime muda kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa katika gia ya tatu, barabara tambarare, kwenda na kurudi. Muda ni ule ule. Nimewapimia watu mbele ya macho yao, na bado kuna aliyesema saa ya simu yangu ina kasoro.

Hasira yangu, hata hivyo, iko kwenye neno "zima". Gari la tatu la wiki hii, kabla sijafungua chochote, niliendesha dakika kumi na kurudi. Nikashika rimu zote nne kwa kiganja. Ya nyuma kulia nilitoa mkono haraka, ilikuwa inaunguza. Breki ilikuwa imeng'ang'ania na gari limekuwa likiburuta mguu kwa muda usiojulikana. Plagi zilipotoka, pengo la cheche lilikuwa limelika hadi milimita 1.4, na filta ya hewa nilipoikung'uta sakafuni iliacha mchanga wa kujaza kijiko. Mwenye gari alitaka tumwandikie kompyuta. Breki ikasafishwa, plagi na filta vikabadilishwa, upepo wa tairi ukajazwa kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, na gari likaanza kuchanganya kama alivyokuwa akilikumbuka. Farasi walikuwepo siku zote, wamefungwa kwenye gurudumu.

Ndiyo maana kwangu hakuna rimapu bila kupima mgandamizo wa silinda kwanza. Silinda mbili zikisoma bar 13 na ya tatu 9, hakuna programu itakayoziba ringi za pistoni zilizochoka. Wapo wanaokasirika na kwenda kwingine. Waende.

"Kwa turbo basi, rimapu ni nguvu za bure"

Kwa turbo nguvu zipo kweli, kwa sababu hapo programu inaweza kuamuru hewa zaidi. Asilimia 20 hadi 30 ni jambo la kawaida. Bure ndiyo haipo. Unapandisha joto la ekzosi, kasi ya turbo, na mzigo kwenye klachi na giaboksi vilivyochaguliwa kwa torki ya gari dogo. Klachi ndiyo hulalamika kwanza: unakanyaga mafuta ukiwa gia ya tano mlimani, klachi inateleza, mizunguko inapanda, gari haliongezi mwendo.

Na hizi injini ndogo za turbo zenye sindano ndani ya silinda zina ugonjwa wao: mchanganyiko unajiwasha kabla ya cheche, mizunguko ikiwa chini na mzigo ukiwa mkubwa. Mlipuko mmoja wa namna hiyo unaweza kuvunja pistoni. Ukiongeza torki kwenye mizunguko 1,500 unasogea kulekule. Nawasihi wote, wenye rimapu na wasio nayo: shuka gia. Usikandamize pedeli hadi chini ukiwa gia ya tano na gari linatembea polepole, eti unabana mafuta. Oili iwe yenye daraja la API SP, la Taasisi ya Petroli ya Marekani, lililoanza 2020, kwa kuwa limejaribiwa dhidi ya tatizo hili, na itimize pia kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako.

"Angalia farasi, mengine ni maneno"

Kwa gari la mjini angalia torki na mahali inapoanzia. Up yenye turbo ya farasi 90 inaonekana imeizidi ile ya 75 kwa farasi 15 tu. Lakini ina nyutoni-mita 160 kuanzia mizunguko 1,500. Kwenye mizunguko 2,000, ambako mjini ndiko unakoishi, inatoa farasi 45. Ile ya 75, hata ukiipa torki yake yote 95 mapema hivyo, inatoa 27. Kama bado hujanunua na unajua kila siku utapakia watu wanne na kupanda mlima, nunua yenye turbo tangu kiwandani, na giaboksi na klachi vilivyopimwa kwa ajili yake. Usinunue dogo kisha unibebeshe mimi.

"Injini ndogo inakula kidogo siku zote"

Inakula kidogo ikiwa na mzigo mdogo. Ikibebeshwa watu watano na kusukumwa kilomita 120 kwa saa, kompyuta huongeza mafuta, na injini kubwa kidogo inayofanya kazi bila kuhangaika inaweza kula sawa nayo au pungufu.

"Petroli ya oktani kubwa inaongeza nguvu"

Oktani ni uwezo wa kustahimili kugonga. Kama injini yako haigongi kwa petroli iliyoandikwa ndani ya kifuniko cha tangi, ya bei juu haina cha kuifanyia. Inafaa pale tu kompyuta imeandikwa kuitumia, na ukishaandikiwa hivyo, hakuna kurudi kwenye ya kawaida kwa kubahatisha.

"Filta ya wazi inaifanya ipumue"

Inaifanya ivute hewa ya moto ya chini ya boneti, nayo ni nyepesi. Unachopata ni mlio. Rudisha boksi la kiwanda.

"Nikirudisha programu ya awali, hakuna atakayejua"

Kompyuta nyingi za sasa zinahesabu zimeandikwa mara ngapi, na mashine za watengenezaji zinalinganisha alama ya programu na iliyosajiliwa. Waranti inaweza kukufia hapo. Bima vilevile: gari lililobadilishwa nguvu bila kutajwa ni sababu tosha ya kukataa madai yako siku ya ajali. Wape taarifa kwa maandishi kabla sijaunganisha waya, na uje na nakala. Nami nitakupa karatasi mbili za mashine ya kupimia nguvu, moja ya kabla na moja ya baada, za siku moja na mashine moja. Fundi anayekupa ya baada peke yake, usimlipe hadi aonyeshe ya kwanza.