Machale au Wasiwasi? Maswali na Majibu

Watu husema "wasiwasi ndiyo akili". Ni kweli?

Nusu yake. Wasiwasi wa kiasi ndio unaokufanya uangalie pande zote kabla ya kuvuka barabara na usome mkataba kabla ya kutia saini. Ila msemo huu unatia vitu viwili kwenye kapu moja. Machale ni hukumu ambayo ubongo umeifikia upesi kutokana na mambo uliyokwisha kuyaona mara nyingi. Unapewa jibu bila kuonyeshwa hesabu. Wasiwasi ni maandalizi ya balaa ambalo halijafika. Hauhitaji dalili yoyote mbele ya macho, uwezekano tu unautosha, na kwa kuwa karibu kila jambo linawezekana, hauishiwi kazi.

Moyo ukidunda na tumbo likivurugika, mwili hauwezi kuniambia ni kipi?

Peke yake, hapana. Uwe umeiona hatari au umeiwaza tu, adrenalini ni ileile: mapigo huongezeka, damu hukimbilia kwenye misuli, tumbo hupunguza kazi, viganja hutoa jasho. Mwaka 1974 Donald Dutton na Arthur Aron walifanya utafiti kwenye daraja la Capilano, Kanada. Wanaume waliohojiwa na mtafiti mwanamke kwenye daraja refu linaloyumba juu ya bonde walimpigia simu baadaye kwa wingi kuliko wale waliohojiwa kwenye daraja la chini, imara. Tafsiri ya watafiti ni kwamba daraja ndilo lililoudundisha moyo, na mwenye moyo akadhani ni yule dada. Ikiwa mtu anaweza kuichukua hofu akaiita mvuto, kukichukua kikombe cha tatu cha kahawa na kukiita onyo ni rahisi zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta ujumbe, ondoa sababu za kawaida. Kwa mtu mzima wa kawaida, saa 5 hivi baada ya kunywa kahawa, nusu ya kafeini bado imo mwilini. Kukosa usingizi, njaa, dawa ya pumu ya salbutamol, upungufu wa damu na tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, vyote huweza kuleta mapigo ya haraka au kutetemeka.

Basi nitofautishe kwa kitu gani?

Kwa namna wazo lenyewe linavyoenenda. Jiulize kwanza: nimeona nini? Machale yana kitu yanachokijibu, hata kama bado hujakipatia jina: sauti ya mtu imebadilika, hesabu hazilingani, mlango uliozoea kuukuta umefungwa uko wazi. Ukituliza akili dakika chache, mara nyingi utakikumbuka. Wasiwasi huanza na "je, ikiwa…", na ukiuliza ushahidi unaletewa "je, ikiwa" nyingine.

Kisha tazama habari mpya inafanya nini. Tuseme unahofia ugonjwa fulani, umepima, majibu yamerudi safi. Hofu iliyotokana na dalili hupungua. Wasiwasi huhama nyumba: labda maabara imekosea, labda ni mapema mno, labda ni ugonjwa mwingine. Hiki ndicho kipimo tunachokiamini kuliko vingine, kwa sababu hakitegemei ukubwa wa hisia.

Mwisho, angalia inataka nini. Machale hutaka tendo moja, kisha hunyamaza: usitie saini leo, mpigie simu mtoto, shuka kwenye gari hili. Wasiwasi hutaka uhakika kamili, na hakuna tendo linaloutoa.

Utasikia pia kwamba machale huongea kwa upole na wasiwasi hupiga kelele. Usiitegemee kanuni hiyo. Hatari ya kweli inaweza kupiga kelele kupita kiasi, na chuki dhidi ya watu wa kundi fulani huongea kwa upole sana.

Nikishathibitisha ni machale, niyafuate?

Inategemea umeyapata wapi. Mwaka 2009 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Gary Klein, ambao kwa miaka mingi walikuwa na mitazamo tofauti kuhusu jambo hili, waliandika makala pamoja na kukubaliana juu ya masharti mawili. Mazingira yawe na utaratibu unaojirudia, na mtu awe amepata muda wa kutosha kujifunza utaratibu huo, huku akirudishiwa majibu kama alipatia au alikosea. Muuguzi wa miaka mingi anayesema "mgonjwa huyu hayuko sawa" anayatimiza yote mawili. Anayebashiri bei za hisa za mwaka ujao hatimizi hata la kwanza. Walisisitiza pia kwamba kujiona una uhakika si ushahidi kuwa umepatia.

Machale yako hayana kiwango kimoja basi. Yanaweza kuwa mazuri kwenye kazi uliyoifanya miaka 15 na yasifae kitu kwa mtu uliyekutana naye jana. Na aliyepitia ukatili au ajali, kengele yake imefundishwa na tukio moja zito: harufu, sauti au hatua za miguu humrudisha pale pale, kwa nguvu ile ile, hata akiwa salama. Hiyo ni kumbukumbu, tena ya kweli, lakini haielezi kilichopo chumbani leo.

Kengele imelia. Nifanye nini hapo hapo?

Kama kuna uwezekano wa kuumizwa sasa hivi, ondoka, uchambuzi baadaye. Kuondoka mahali bila sababu gharama yake ni aibu kidogo tu.

Kama jambo linaweza kusubiri, vuta pumzi kwa sekunde 4 na kuitoa kwa sekunde 6, kwa dakika 5. Hizo ni pumzi 6 kwa dakika. Ukihisi kizunguzungu, unavuta hewa nyingi mno. Punguza kina, usipunguze muda. Halafu andika sentensi moja: "Nahisi … kwa sababu nimeona …" Nafasi ya pili ikibaki tupu, uamuzi usio wa haraka usogeze hadi kesho baada ya kulala.

Kosa la kawaida ni kupumua ili hisia iondoke, huku ukichungulia kila baada ya sekunde kadhaa kama imeondoka. Kuchungulia huko kunaiamsha tena. Lengo ni kupunguza kasi uweze kuandika. Hisia na ibaki ikitaka.

Kwa nini kadiri ninavyokagua na kuuliza watu, ndivyo ninavyojiamini kidogo?

Kwa sababu kukagua kunaharibu kumbukumbu ya kukagua. Watafiti Marcel van den Hout na Merel Kindt walionyesha hilo mwaka 2003: watu waliorudia kukagua jiko la gesi la kwenye kompyuta hawakukosea zaidi, lakini kumbukumbu yao ilififia na imani yao kwayo ikashuka. Marudio yote hufanana, moja humezwa na jingine.

Kagua mara moja, taratibu, ukisema kwa sauti "jiko limezimwa", kisha ondoka. Ushauri nao uombe kwa mtu mmoja anayelijua jambo, na uandike maoni yako kabla hujamuuliza. Dakika za mwanzo zitakuwa ngumu. Hiyo haimaanishi umekosea.

Kujiamini kunajengwaje?

Kwa rekodi. Kujiambia "najiamini" mbele ya kioo hakujamwonyesha mtu amepatia mara ngapi. Chukua daftari, kila tukio mstari mmoja: tarehe, ulichohisi, ulichokiona, unadhani ni machale au wasiwasi, unatarajia nini kitokee na kufikia lini, una uhakika wa asilimia ngapi. Acha nafasi ya kujaza matokeo. Ukifikisha mistari 30 hivi, utaanza kuona ni eneo gani unapatia na lipi unajitisha bure.

Daftari huharibika kwa njia tatu. Kuandika baada ya matokeo, kwani kila mtu huwa alijua. Kuandika yaliyotimia peke yake. Na utabiri usioshikika: "kuna jambo baya litatokea" hutimia kila wiki, wakati "hatanilipa kufikia tarehe 30" ama imetimia ama haikutimia.

Anza na maamuzi madogo, yale ambayo ukikosea hasara yake inaisha siku hiyo hiyo.

Lini inakuwa ugonjwa?

Wasiwasi ukiwepo siku nyingi kuliko zisizo nao kwa miezi 6, huwezi kuudhibiti, na unaambatana na kukaza misuli, uchovu, hasira za haraka, kushindwa kutulia au usingizi mbovu, huku kazi na mahusiano vikidhoofika, muone mtaalamu. Wengi hutumia hojaji ya GAD-7: maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Alama 5 ni wasiwasi mdogo, 10 wa kati, 15 mkali. Kuanzia 10 inafaa kuchunguzwa zaidi. Tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na tabia husaidia wengi, na zipo dawa, ambazo kwa kawaida huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Usiziache ghafla.

Maumivu ya kifua ambayo hujawahi kuyapata yanahitaji huduma ya dharura, hata kama unahisi ni wasiwasi tu. Mawazo ya kujiua yanahitaji msaada siku hiyo hiyo.

Je, daftari likionyesha hofu yangu juu ya mtu fulani imepatia mara nyingi?

Basi acha kujitibu. Anayeishi na mtu anayempiga au kumtisha, na kila mara anajua jioni itakuwaje kwa namna funguo zinavyotupwa mezani, ana masharti yote mawili ya Kahneman na Klein. Mazoezi ya pumzi hayatambadilisha yule mwingine. Lihifadhi daftari nje ya nyumba hiyo, kwa mtu unayemwamini, na mpange naye namna ya kuondoka kabla hujamwambia yule anayekutisha neno lolote.