Tepu nyeusi hailindi waya za plagi

Katika gereji nyingi za Tabora na Kigoma, waya ya plagi, ile inayopeleka umeme wa cheche kwenye injini ya gari, ikianza kuungua karibu na ekzosi huzungushiwa tepu nyeusi ya umeme. Wengi wanaamini hiyo ni kinga. Sivyo. Tepu ya plastiki huanza kulegea ikifika takriban nyuzi 80 za Selsiasi, wakati menifodi ya ekzosi, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini, hupita nyuzi 400 gari likipanda mlima na mzigo. Gundi huyeyuka na kunasa vumbi na mafuta, na ufa uliofunikwa huendelea kuvujisha cheche.

Kinga kubwa ni nafasi. Acha angalau sentimita 3 kati ya waya na ekzosi, uishike kwa klipu zake. Pasipo nafasi, ivishe soksi ya fibaglasi (nyuzi za kioo zinazostahimili joto), hasa kwenye kofia ya plagi, yaani kifuniko cha mwisho wa waya.

Usizifunge waya zote fungu moja. Silinda zikiwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, waya ya 3 na ya 4 zikilala sambamba, cheche huweza kurukia silinda ambayo si zamu yake. Zitenganishe, au zipishane kama msalaba.

Waya iliyopasuka ibadilishwe. Unapoichomoa, shika kofia, zungusha kidogo, ndipo uvute.